Pointi Moja ya Leonsi

Vijana mnaochezesha mpira wa kikapu hapa Sumbawanga mmenisumbua muda mrefu niandike niliyoyaona tangu nilipoanza kupuliza filimbi mpaka nilipostaafu mwaka huu. Nilikuwa nawakwepa. Mwamuzi mzuri ni yule ambaye watu wakitoka uwanjani hawakumbuki kama alikuwepo, sasa mtu wa namna hiyo ataandika nini?

Kilichonivuta ni ubishi wenu wa Jumamosi iliyopita. Mlikuwa mmeinamia simu, mnabishana kuhusu yule Mmarekani wa zamani aliyefunga pointi mia moja katika mchezo mmoja, enzi ambazo hata mstari wa pointi tatu haukuwepo. Mmoja wenu akasema rekodi ile haivunjiki. Mwingine akasema itavunjwa, maana siku hizi watu wanatupa kutoka katikati ya uwanja kama wanatupa maganda ya ndizi. Kisha mkanigeukia, mkaniuliza kama mimi nimewahi kuona rekodi kwa macho yangu. Nikasema nimeona moja, na kwamba filimbi iliyoizuia ilikuwa mdomoni mwangu. Mkacheka mkidhani nawatania. Haya, nawaandikia.

Habari za vyeti, madaraja na posho nitaziruka. Vyeti viko ukutani vinakusanya vumbi, na posho nyingi ziliishia kwenye nauli.

Nilikuja Sumbawanga kufundisha Kiswahili na michezo katika shule ya sekondari. Kikapu nilikuwa nakijua kidogo tu, mimi nilitokea kwenye netiboli. Mzee Oswald, fundi seremala wa Majengo, alikuja siku moja kutengeneza madawati yetu, akanikuta uwanjani nimesimama katikati ya wasichana wawili wanaotaka kuvutana nywele. Aliweka msumeno chini akatazama mpaka nilipowaamua. Halafu akanijia na kuniuliza kama naweza kukimbia kinyumenyume. Nikasema sijui. Akasema, basi Jumamosi njoo tujue.

Mzee Oswald ndiye aliyekuwa mwamuzi mkuu wa mkoa, na mwenzake alikuwa amehamia Mbeya. Ndiye pia aliyetengeneza mbao za magoli yote mawili kwa mkono wake. Kwa hiyo mpira ukigonga ubao ukaenda upande usiotarajiwa, wachezaji walimlaumu kwa useremala na kwa uamuzi kwa pumzi moja. Hakujali. Alikuwa akisema ubao ni mnyoofu, wao ndio waliopinda.

Mchezo wangu wa kwanza niliuchezesha mwezi wa sita, na mnajua mwezi wa sita wa Ufipa ulivyo. Upepo ulikuwa unavuka kiwanja kama una haraka ya kufika Zambia. Filimbi zetu za wakati ule zilikuwa na kipira ndani, na baridi ikizidi, mate yanakikamata, ukipuliza inatoka pumzi tupu kama mtu anayepoza uji. Mzee Oswald alinifundisha kuiweka filimbi ndani ya fulana mpaka mpira urushwe. Baadaye zilipokuja hizi zenu zisizo na kipira alizikataa kabisa, akisema zinalia kama breki za lori linaloshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa.

Nilipuliza mara ya kwanza katika robo ya kwanza. Wanaume kumi wakasimama, wakanigeukia. Hapo nikasahau kwa nini nimepuliza. Nilikumbuka nimeona mkono, lakini mkono wa nani, umefanya nini, vyote vilikuwa vimeondoka na upepo. Mzee Oswald akaja taratibu kama mtu anayekuja kuuliza saa, akaniuliza kwa sauti ya chini nimeona nini. Nikamwambia ukweli. Akauchukua mpira, akaonyesha ishara ya kurusha juu, mchezo ukaendelea. Tulipomaliza, akiwa anavua viatu, aliniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mmoja wenu mpaka mmeyachoka:

"Filimbi siyo swali. Usiipulize ili ujue. Ipulize ukishajua."

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi. Nilijifunza kusikiliza, maana faulo nyingi husikika kabla hazijaonekana. Mkono ukigongwa unatoa mlio wake, tofauti na mpira. Nilijifunza kutobishana na benchi. Kulikuwa na mchezaji mmoja, fundi wa magari, aliyeniambia mbele ya watu kwamba yeye haongozwi na mwanamke hata kwake nyumbani. Nilimpa faulo ya utovu wa nidhamu. Akarudia, nikampa ya pili, akatoka. Mkewe alikuwa miongoni mwa watazamaji, na ndiye aliyepiga makofi marefu kuliko wote. Yule bwana baadaye alinitengenezea pikipiki yangu miaka mingi, tena vizuri, ila hakuwahi kuniangalia usoni.

Sasa nifike kwa Shabani na Leonsi.

Shabani alitoka Kirando, ziwani. Baba yake alikuwa anafanya biashara ya dagaa na migebuka, akamleta Sumbawanga kusoma. Alipomaliza shule alibaki mjini, akauza nguo za mitumba asubuhi na kucheza kikapu jioni kwenye timu ya Majengo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkono wake wa kulia ulikuwa na utulivu ambao sijauona tena hapa kwetu. Wengine walitupa mpira wakiombea. Yeye aliutupa kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Alikuwa ameusoma upepo wa kiwanja kile. Ukivuma kutoka mashariki alilenga nje ya ringi makusudi, na mpira ukarudi wenyewe.

Leonsi alitoka Ilemba, mtoto wa wakulima, Mfipa kama mimi. Tukiwa wawili tuliongea Kifipa, ingawa ndani ya mistari nilimwambia kwa Kiswahili tu, wageni wasije wakadhani tunapanga njama. Alikuwa na mabega mapana na mikono ya jembe. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuokota mpira unaodunda kutoka kwenye ubao na kumpa Shabani. Kutupa hakujua. Mitupo huru yake ilikuwa burudani ya mji. Watoto waliokaa nyuma ya goli walikuwa wakihama akipewa mpira, kwa usalama wao. Hakukasirika. Yeye na Shabani walipanga chumba kimoja Majengo, mmoja akienda msikitini Ijumaa, mwingine kanisani Jumapili, na sufuria yao ilikuwa moja.

Siku ninayoisema ilikuwa fainali ya kanda, na kwa bahati ilichezwa hapa kwetu. Majengo walikuwa wanapambana na timu ya Tunduma. Mshindi alikuwa anakwenda mashindano ya taifa, ambako timu ya mkoa wetu ilikuwa haijawahi kufika. Tena kulikuwa na mgeni: mtu wa timu moja ya kulipwa ya Dar es Salaam, aliyetumwa kumtazama Shabani. Tulimtambua mapema kwa sababu alikuwa amekuja na shati la mikono mifupi. Mtu wa meza ya alama akamwazima koti.

Mzee Oswald magoti yalikuwa yameshamkataza kukimbia, akawa anakaa mezani. Mwenzangu uwanjani alikuwa kijana kutoka Mbeya. Kabla hatujaanza, nahodha wa Tunduma alinijia kwa heshima zote akaniomba nikague ringi, kama kuna kitu kimefungwa. Mnajua wageni wanavyotusikia kwa habari za uchawi. Nilipanda kwenye stuli, nikaitikisa ringi mbele yake, nikashuka. Akashukuru, ila sikuona kama ameridhika.

Robo ya kwanza hakuna aliyegundua kitu. Shabani alifunga, lakini Shabani alikuwa anafunga kila siku. Upepo ulikuwa mkali kweli, na wenzake walipotupa, mpira ulikwenda kokote. Ilikuwa mapumziko, nakunywa chai, Mzee Oswald aliponiita mezani akaweka kidole kwenye karatasi ya alama. Upande wa Majengo kulikuwa na pointi za mtu mmoja tu. Wengine wote mstari wao ulikuwa mweupe.

Kisha akaifunika karatasi kwa kiganja, nami nikarudi kwenye chai yangu. Lakini kijana aliyekuwa akibandika namba ubaoni naye alikuwa ameona, na kijana yule hakuwa na siri tumboni.

Kabla ya robo ya tatu kufika nusu, uwanja wote ulikuwa unajua. Watu wakaanza kuja kutoka sokoni. Maduka ya karibu yalifungwa, mama lishe wakaacha sufuria kwa wadogo zao. Niliwasikia nyuma ya mstari wakielezana: mtu mmoja kufunga pointi zote za timu, fainali nzima. Mwalimu mwenzangu wa hesabu akawa anafafanua kwa sauti kwamba hiyo ndiyo rekodi pekee isiyoweza kuvunjwa duniani, kwa sababu pointi hamsini mtu atazipita, mia moja huenda siku moja mtu atazipita, lakini hakuna anayeweza kufunga zaidi ya zote. Nilimsikia vizuri, na nakiri nami niliitaka rekodi ile. Mwamuzi hana timu, lakini ana mji.

Wachezaji wa Majengo nao walisikia. Mpira ukaanza kwenda kwa Shabani hata pasipostahili. Kijana mmoja alikuwa peke yake chini ya goli, hana mtu, akaurudisha mpira nje kwa Shabani aliyekuwa amebanwa na watu wawili. Kocha wao alimfokea, watu wakamfokea kocha. Tunduma si wajinga. Wakaacha kuwalinda wengine, wakamwekea Shabani watu watatu. Bado alifunga. Alifunga akianguka, alifunga kwa mkono wa kushoto, alifunga mmoja ambao mpaka leo sijui mpira ulipita wapi. Mara moja alipita karibu yangu nikaona midomo yake imekauka kabisa.

Sekunde za mwisho zilikuta timu zote zina hamsini na mbili. Hamsini na mbili za Majengo zote zilikuwa za Shabani.

Mpira ulikuwa kwake. Akaingia kulia, watatu wakamfuata. Aliruka. Kila mtu uwanjani alijua anatupa, hata mimi nilishainua macho kwenye ringi. Hakutupa. Akiwa hewani aliuteremsha mpira kwa mkono mmoja mpaka kwa Leonsi, aliyekuwa amesimama peke yake chini ya goli kama mtu aliyesahauliwa na basi. Leonsi akaupokea, akaruka, na mchezaji wa Tunduma akaja kutoka nyuma akampiga mkono, mpira ukamtoka. Nilisikia ule mlio. Nikapuliza.

Mnanielewa? Ningenyamaza, mchezo ungekwenda muda wa nyongeza, na Shabani angekuwa bado na rekodi yake. Watu kama elfu walikuwa wanataka ninyamaze. Lakini mkono uligongwa, na nilikuwa nimeshajua.

Mitupo huru miwili kwa Leonsi. Nilipoonyesha vidole viwili mezani, sauti ilianza upande wa sokoni ikauzunguka uwanja wote. Nimechezesha mpira mpaka nje ya nchi na sijawahi kusikia kitu kama kile: watu wa Sumbawanga wanamwomba mchezaji wa Sumbawanga akose. "Kosa! Kosa! Kosa!" Hawakuwa wanamtukana. Walikuwa wanamsihi. Walitaka akose yote miwili, mchezo uongezwe, Shabani aje amalize.

Leonsi alisimama kwenye mstari, nami nikiwa na mpira mkononi. Jasho lilikuwa linamtiririka katika baridi ile. Akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ndogo, kama kukosa makusudi ni kosa kwa sheria. Mwamuzi hampi mchezaji ushauri. Nilimjibu kwa Kiswahili kile tu ninachoruhusiwa kusema:

"Mitupo miwili."

Hapo Shabani alisogea kutoka nafasi yake, akamshika Leonsi shingoni kwa nyuma. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Funga, ndugu yangu," alisema. "Mimi nimechoka."

Nikampa Leonsi mpira. Aliudunda, akaushika, akaudunda tena. Akatupa. Ulikwenda vibaya, kama kawaida yake, ukagonga ukingo wa ubao upande wa kulia, ukaruka juu, ukaja kukaa juu ya ringi kana kwamba unafikiria. Kisha ukaingia.

Kelele zote zilikatika. Mtupo wa pili hata ringi haukugusa. Tunduma wakapewa mpira nje ya mstari, wakatupa kutoka mbali, wakakosa, muda ukaisha. Majengo walikuwa wameshinda kwa pointi moja na kwa mara ya kwanza walikuwa wanakwenda taifa, na watu wao wakawa wanatoka uwanjani kama wanatoka mazishini. Gunzi la hindi lilimpata Leonsi mgongoni. Jingine lilinipata mimi. Nililitazama, lilikuwa limeliwa vizuri.

Mzee Oswald alikuwa ananisubiri mezani na fimbo yake. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mtu aliguswa. Nikasema alipigwa. Akasema basi twende tukale.

Wiki zile hazikuwa nyepesi kwangu. Muuza nyama wa Majengo aliniuliza filimbi ile ingenigharimu nini kubaki mfukoni, na nusu kilo yangu ikawa na mifupa mingi kwa muda. Lakini mimi niliendelea na kazi, na mwamuzi kuchukiwa ni sehemu ya sare. Aliyeumia ni Leonsi. Mji ulimpa jina: Pointi Moja. Kwanza lilikuwa tusi, baadaye likawa utani, na utani ndio haufi. Taifa walikwenda, wakapoteza michezo yote, na hilo nalo likawa kosa lake, eti aliwapeleka kwa mguu mbaya. Mtu wa Dar es Salaam alimchukua Shabani. Alisema mwenyewe, akirudisha koti, kwamba wafungaji amewaona wengi, lakini mfungaji anayetoa pasi akiwa na rekodi mkononi hajamwona. Leonsi alimsindikiza mwenzake stendi, akabaki na chumba chote na kodi yote. Msimu uliofuata hakucheza. Alirudi kwao Ilemba kulima.

Nilikuwa namwona akija mjini na mahindi. Vijana wa stendi ambao hata hawakuwa wamezaliwa siku ile walimpigia kelele, "Pointi Moja, mambo!" Akawajibu poa, akashusha magunia yake. Nilikwenda kwenye harusi yake. Mshereheshaji akatania kwamba bwana harusi afunge moja tu inatosha, watu wakavunjika mbavu. Bibi harusi hakucheka. Na Jumapili moja kanisani padri wetu alimtolea mfano kwenye mahubiri, kijana aliyekubali kuchukiwa na mji mzima ili timu ishinde, asiyetafuta kupendeza watu. Watu wakageuka kumtazama. Leonsi alikuwa anaangalia viatu vyake, nikadhani ni unyenyekevu.

Mimi nami kazi ilinipeleka nikachezesha ligi ya kulipwa huko Dar es Salaam, na humo nikakutana na Shabani. Kwenye ukumbi wenye paa na taa, mahali ambapo upepo hauingii, alikuwa hatari zaidi. Mchezo mmoja niliochezesha alifunga zaidi ya nusu ya pointi za timu yake, watu wakasimama kumshangilia, wageni kwa wenyeji. Baada ya mchezo nilimkuta kwenye korido amejifunga barafu magotini. Alinisalimia shikamoo kama mwanafunzi, akauliza habari za Sumbawanga, za baridi, za Mzee Oswald, ambaye alikuwa ameshafariki. Kisha akauliza kama Leonsi bado anaitwa lile jina. Nikasema ndiyo.

Akaisogeza barafu gotini, akasema, "Mwalimu, siku ile sikuwa nimechoka. Nilitaka akose. Nilisema funga kwa sababu wewe ulikuwa umesimama pale, na yule mtu wa Dar alikuwa anatazama."

Nikamuuliza, na ile pasi? Akasema pasi ilitoka yenyewe, mkono uliona mtu wazi kabla yeye hajaona. Ni kichwa kilichokuja kujuta, tena mpira ukiwa bado hewani. Alisema ameshapongezwa sana kwa wema wa siku ile, na kila anapopongezwa anamfikiria Leonsi na magunia yake. Sikumwambia Leonsi. Maneno yale hayakuwa yangu.

Mwaka huu ndipo mkaniaga, kwa mchezo wangu wa mwisho kule Namanyere, kulikofunguliwa kiwanja kipya, timu ya zamani ya Majengo ikaalikwa icheze na maveterani wa wilaya ile ya Nkasi. Shabani alikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndevu zimeingia mvi, anashuka ngazi kwa upande kama kaa. Leonsi alikuja kutoka Ilemba na mkewe. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Kabla ya mchezo tulikaa kwenye darasa moja tupu, wenyeji wakatuletea ugali wa ulezi na migebuka. Tulikuwa sisi watatu na mke wa Leonsi.

Shabani alinawa mikono lakini hakula. Akamwambia Leonsi kwamba ana jambo limemkaa miaka mingi, akamweleza yote, kama alivyonieleza mimi korido ile: kwamba alisema funga, na moyoni alikuwa anaomba akose. Mke wa Leonsi aliacha kutafuna. Mimi nikaangalia dirishani.

Leonsi alitoa mwiba mdomoni akauweka pembeni ya sahani.

"Nilijua," alisema. "Nimekaa na wewe chumba kimoja. Wewe ukichoka husemi."

"Sasa kwa nini ulifunga?"

"Sikufunga. Nilitupa nikose. Nililenga nje kabisa, kulia, upite ubao. Ukaingia." Akamega tonge. "Ule wa pili ndio nililenga kufunga, nikaona kwa kuwa wa kwanza umeshaharibika, angalau tuwe mbele mbili."

Shabani alikuwa anamkodolea macho, tonge halijaguswa. Kicheko kilimwanzia mabegani, kikapanda, mpaka akalaza kichwa juu ya dawati huku machozi yanamtoka, na sikuweza kujua ni ya kicheko yote au mengine yalikuwa yanasubiri nafasi. Mke wa Leonsi alimpiga mumewe begani, akauliza imekuwaje hata yeye hakuwahi kuambiwa, tangu harusini.

Nami nikamuuliza kwa nini hakusema, hata siku ile kanisani.

"Padri alikuwa ameshasema, Mwalimu, ningembishia?" Alifikiria kidogo. "Na hawa wa stendi ningewaambia nini? Wangesema Pointi Moja hata kukosa hajui."

Tuliitwa uwanjani. Wao wawili walitangulia, Shabani amemwegemea Leonsi kwa ajili ya magoti, wanasimama kila hatua kadhaa kucheka upya. Wachezaji walijipanga katikati, mpira mkononi mwangu, watu wa Namanyere wanangoja. Ilibidi wangoje. Nilijaribu mara ya kwanza, nikajaribu tena. Midomo inayocheka haiishiki filimbi.